Kazi Iliyo Chini ya Nyuzi

Swali tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi juma hili ni dogo kwa umbo, lakini lina uzito. Je, mtu anayefanya kazi kwa ajili ya mwenzake amefungwa na wajibu hata katika sehemu ile ya kazi ambayo mwenzake hataiona kamwe? Wengi watajibu mara moja ya kwamba amefungwa. Lakini kujibu ni rahisi, na kutenda ni jambo jingine. Kwa ajili hiyo hatutaanza na maneno makubwa. Tutaanza na fundi mmoja, chombo kimoja, na ukanda wa kitambaa usiozidi upana wa vidole viwili.

Tumfikirie fundi aliyeitwa katika nyumba moja ya Nyamagana, hapa Mwanza, kuitengeneza piano ya zamani. Piano hazikuwa nyingi kamwe katika nchi zetu, na katika mji kama huu kila moja ilifika kwa taabu. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo mizigo mizito iliweza kupitia Kisumu, ambako reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika mwaka 1901, kisha ikapakiwa melini. Chombo cha namna hiyo kikiisha kuwekwa katika shule, katika nyumba ya mapadre au katika sebule ya mwalimu, hakiondoki upesi. Hukaa hapo miaka na miaka, masika yakipita na kiangazi kikipita, na hewa yenye unyevu ya ziwa ikiingia dirishani kila siku.

Unyevu huo haupigi kelele, lakini haulali. Nyuzi za chuma huota kutu, na kitambaa cha sufu kilichomo ndani huliwa na nondo. Wasomaji wetu wanakumbuka ya kuwa Injili, inapowataja maadui wa hazina za dunia, huwataja hao hao wawili, nondo na kutu, tena humtaja na mwivi. Mwenye piano ya zamani hana haja ya mfasiri wa maneno hayo. Akiufungua mlango wa chini wa chombo chake atawakuta wote wawili wakiwa kazini. Na asipompata fundi mwaminifu, huenda akamkuta na yule wa tatu.

Yafaa kwanza tukieleze chombo chenyewe, maana asiyeijua kazi hawezi kuihukumu. Piano iliundwa kwanza na Bartolomeo Cristofori katika mji wa Firenze, Italia, karibu na mwaka 1700. Si kama kinanda cha kanisani, ambacho hulia kwa upepo. Mpigaji akibonyeza kibao, nyundo ndogo ya mti hurushwa na kuugonga uzi wa chuma. Piano ya kawaida ya siku hizi ina vibao 88, na nyuzi zake hufika karibu 230, kwa sababu sauti nyingi zimepewa nyuzi tatu tatu. Kila uzi umekazwa sana, hata nguvu za nyuzi zote pamoja hufika kama tani 15 au 20. Mti peke yake hauwezi kuubeba mzigo huo. Ndiyo sababu Alpheus Babcock wa Boston, nchini Marekani, alibuni kiunzi cha chuma cha kusubu, naye alipewa hati yake mwaka 1825. Mwaka uliofuata, yaani 1826, Jean-Henri Pape wa Paris alipata hati ya kuzivika nyundo felti mahali pa ngozi iliyotumiwa zamani.

Felti ni kitambaa cha sufu ya kondoo ambacho hakikufumwa. Nywele za sufu zina magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Zikitiwa maji na joto, zikasuguliwa na kushindiliwa, magamba hayo hushikana, na nywele zilizokuwa zimetawanyika huwa kitu kimoja, laini na imara. Felti imo mahali pengi ndani ya piano: katika nyundo, katika vizuizi vinavyoizima sauti, chini ya vibao. Lakini sisi twataka kuizungumzia ile isiyosifiwa na mtu, nayo ni ile iliyolazwa chini ya nyuzi, juu ya kiunzi cha chuma.

Kazi yake ni hii. Uzi mmoja una sehemu tatu. Sehemu ya kati ndiyo inayogongwa na kuimba. Kabla ya sehemu hiyo kuna kipande kinachotoka kwenye msumari wa kukazia, na baada yake kuna kipande kinachokwenda kwenye kijiti cha chuma ambako uzi umeshikizwa. Katika piano nyingi vipande hivyo vya mwisho havikukusudiwa kuimba. Vikiachwa huru, hulialia kila nyundo inapogonga, na wimbo huchafuka kwa mlio mwembamba ambao msikilizaji hajui unatoka wapi. Kwa hiyo waundaji waliweka ukanda wa felti, ili uzi upite juu yake ukanyamaze, tena usisuguane na chuma. Ukanda huo haubebi tani hata moja wala hautoi sauti. Kazi yake ni kuzuia lisilotakiwa, ili linalotakiwa lisikike.

Baada ya miaka mingi ukanda huo huchoka. Kila uzi umechimba mfereji wake ndani yake. Kutu ya nyuzi imeingia katika sufu, vumbi limegandamana, na nondo wamekula pembeni. Ukiubonyeza kwa kidole ni mgumu kama ukoko. Sasa fundi wetu amelegeza nyuzi zote kidogo kidogo, maana hawezi kuulegeza upande mmoja ghafula bila kuhatarisha kiunzi. Amezivua na kuziweka kando. Nyuzi mpya zipo tayari, zinang'aa. Na mbele yake umelala ule ukanda wa zamani, ukiwa wazi kwa mara ya kwanza tangu siku uliyowekwa.

Hapa ndipo penye swali letu. Ukanda huu waweza kuondolewa kwa urahisi siku moja tu, siku nyuzi zimevuliwa. Zikiisha kurudishwa na kukazwa, hakuna njia ya kuutoa ila kuanza kazi yote upya. Na nyuzi njema hudumu miaka makumi. Fundi akiuacha leo, ameuacha kwa kizazi kizima. Akifunika, hakuna atakayejua. Mwenye piano yumo sebuleni anangoja, naye ataziona nyuzi mpya na kufurahi. Kijana anayejifunza kazi anasimama kando na kuuliza, "Mzee, huu nao tuutoe? Nani atauona?"

Wasomaji wapendwa, swali la kijana huyu si swali la piano tu. Huulizwa kila siku mahali mchanga unapochanganywa na saruji, mahali daftari za mizani zinapoandikwa, na mahali dawa zinapopimwa. Basi tuzisikilize hoja za wale wasemao ya kwamba ukanda uachwe, tena tuzisikilize kwa haki, maana nyingine zina nguvu.

Hoja ya kwanza ni hiyo ya kijana: hakuna atakayeona. Twajibu ya kuwa kutoonekana si kutokuwapo. Waende mwaloni Kirumba wakawatazame mafundi wa mitumbwi. Ubao umeungana na ubao, na katikati ya mbao fundi hupigilia pamba, ndiyo kalafati, ili maji yasipite. Kisha huja rangi, na rangi huifunika pamba yote. Mnunuzi huiona rangi. Lakini usiku, mbali na nchi kavu, upepo ukivuma, ziwa haliulizi habari za rangi. Huipima pamba. Kilichofichika kwa mnunuzi hakikufichika kwa maji. Vivyo hivyo felti iliyofichika kwa mwenye piano haikufichika kwa uzi, wala kwa sikio la mtoto atakayejifunza kuimba kwa chombo hicho, akidhani ya kuwa ule mlio mchafu ndio sauti ya muziki.

Tena yuko mtu mwingine atakayeona. Ni fundi wa baadaye, ambaye labda hajazaliwa. Siku atakapozivua nyuzi hizi, atakuta kazi ya mwenzake imelala wazi mbele yake kama barua. Atasoma humo kama aliyemtangulia alikuwa mtu wa kweli au mtu wa kufunika. Nasi twaongeza ya kuwa hata kama asingekuwako fundi huyo, fundi wa leo mwenyewe ameona. Hawezi kuyafumba macho yake mwenyewe yasiijue kazi ya mikono yake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni hoja ya umaskini. Felti nzuri haipatikani katika maduka yetu ya kawaida. Yapasa kuagizwa, na kuagiza ni fedha na ni kungoja. Mwenye piano amelipa alichokuwa nacho, na fundi ana watoto wa kulisha. Je, tumhukumu kwa ukanda wa sufu?

Hapa yatupasa tutofautishe mambo, maana haki haikai mahali pasipo tofauti. Yuko fundi aondoaye felti ya zamani na kuweka mpya: huyo ametimiza. Yuko fundi wa pili asemaye, "Mama, nyuzi nimebadili, lakini kitambaa cha chini ni cha zamani. Kimechoka, nami sikuweza kupata kingine. Gharama yake sikuiweka katika hesabu." Huyo hakutenda kosa lo lote. Kazi yake imepungua, lakini ukweli wake haukupungua, na mwenye mali amebaki na uhuru wa kuamua angoje au aendelee. Wa tatu ndiye auachaye ukanda wa zamani, akanyamaza, na kupokea malipo ya kazi nzima. Kati ya wa pili na wa tatu piano ni ile ile, na ukanda ni ule ule. Tofauti yao ni neno moja lililosemwa au lisilosemwa. Lakini neno hilo ndilo linalowatenga mtu maskini na mwivi.

Wala tusimsahau fundi wa nne, ambaye ana nia njema lakini hana kipimo. Huyu huuondoa ukanda mbovu, kisha hukata kipande cha blanketi nene na kukiweka mahali pake, akidhani ya kuwa unene ni wema. Uzi ukipita juu ya kitambaa kinene mno, hujikunja na kusugua. Fundi hukaza msumari, lakini uzi hauteremki sawasawa. Hukwama, kisha husogea baadaye wenyewe, na sauti huteleza. Fundi ajuaye kazi hukitafuta kipande cha ukanda wa zamani mahali ambapo hapakuwa na uzi, ambapo unene wa kwanza umebaki, akaupima huo. Kumbe nia njema haitoshi. Kumtendea mwenzako wema ni pamoja na kujifunza namna wema huo unavyofanyika.

Tukiwa bado katika hoja ya umaskini, hatuna budi kumgeukia na mwenye piano. Mara nyingi twawalaumu mafundi, na lawama ni yetu sisi wenyewe. Twalipa kwa furaha kinachong'aa, nacho kisichoonekana twakipunguza bei. Fundi akisema, "Chini yapasa kuwekwa kitambaa kipya," twamwambia, "Baba, hayo ya ndani tuyaache, wewe tia nyuzi." Halafu twashangaa kazi inapoharibika. Mtu anayekataa kuilipia kazi iliyofichika anamfundisha fundi kudanganya, tena anamfundisha kwa mshahara. Haki ya mfanyakazi ni kulipwa sehemu zote za kazi yake, hata zile ambazo hatuwezi kuwaonyesha wageni.

Hoja ya tatu hutoka kwa watu wema wenye heshima. Husema ya kwamba ukanda ule ni wa asili, uliwekwa na mikono ya waundaji wa kwanza, na kuutupa ni kuyatupa ya kale. Twaiheshimu hoja hii, maana twaishi katika siku ambazo mengi hutupwa upesi. Lakini tutazame mlima wa Bujora, huko Kisesa, mashariki ya mji wetu, ambako Padre David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma. Huko zimehifadhiwa ngoma za kale za watemi. Kila mjuzi wa ngoma anajua ya kuwa ngozi hupasuka na mti hudumu. Ngozi ikiisha kupasuka, ngoma huwambwa upya, wala hakuna mzee asemaye ya kwamba ngoma imekufa. Lakini akitokea mtu akaupasua mti na kuchonga mwingine, hapo wazee watanuna, nao watakuwa na haki. Au tuitazame meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961. Ilisimama mwaka 2014, ikarudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa. Wasafiri wa Bukoba walioipanda tena hawakuona vibaya kwamba injini zilikuwa mpya. Wangeona vibaya kama zingeachwa za zamani kwa heshima.

Basi kanuni yetu ni hii. Katika kitu cha kale yako mambo ambayo kitu kipo kwa ajili yake, na yako mambo yaliyowekwa kuyatumikia hayo. Ubao wa sauti wa piano, uliokauka kwa miaka na kuipata sauti yake, usiguswe ovyo. Lakini felti iliwekwa ili itumike na kuchakaa, kama viatu vya msafiri. Anayeuacha ukanda uliooza kwa jina la heshima hamheshimu muundaji, kwa sababu muundaji aliuweka unyamazishe, nao hauwezi tena. Mwenye kupenda kumbukumbu aweza kukitunza kipande kimoja katika bahasha ndani ya chombo, pamoja na tarehe ya kazi.

Jambo moja la ufundi lastahili kutajwa hapa, maana lina mafundisho. Mafundi wa zamani waligandisha felti kwa gundi ya ngozi na mifupa, ambayo hulegea kwa maji ya moto. Siku hizi ziko gundi kali ambazo zikikauka haziachii mpaka kitu kivunjike. Fundi mwenye busara huchagua gundi ya kulegea, ingawa ile kali yaonekana kuwa na nguvu zaidi. Anajua ya kuwa kazi yake nayo itazeeka, na ya kuwa mwingine atakuja kuiondoa. Anamrahisishia kazi mtu asiyemjua. Sisi twaona ya kuwa huo ni upendo wa jirani katika hali yake iliyo safi kabisa, kwa sababu jirani huyo hawezi kurudisha asante.

Na sasa tuyalete maneno haya nyumbani. Katika kila nyumba ziko siku ambazo nyuzi zimevuliwa. Mume na mke wamegombana, kisha wazee wameitwa na maneno yote yamewekwa wazi. Ndugu wawili walioshindania shamba la baba yao wamekaa chini ya mti mmoja baada ya miaka mingi. Mtoto aliyekosa amerudi, na kwa saa moja yuko tayari kusema kila kitu. Siku hizo ni chache. Zikija, haraka yetu ni kurudisha nyuzi: watu wapeane mikono, kuku achinjwe, wageni waone ya kuwa amani imerudi. Lakini chini kabisa limelala lile jambo la zamani, lenye mifereji na kutu, ambalo kila mtu amelikwepa kwa sababu kulitaja kungechelewesha furaha. Amani hukazwa juu yake. Na baada ya muda kidogo husikika ule mlio mwembamba, na watu huulizana unatoka wapi. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako; nondo hatoki mbali.

Hatusemi ya kwamba kila jambo la kale lichimbuliwe. Kama ulivyo ubao wa sauti, yako mambo katika jamaa ambayo yamekauka vema na yasiguswe. Lakini lililooza liondolewe siku ile liliyo wazi, kwa upole na kwa kipimo. Na anayeshindwa kuliondoa leo, afanye kama fundi yule wa pili: aseme kweli ya kuwa bado lipo. Kulikubali ni nusu ya kulitengeneza. Kulifunika ni kuliongezea miaka.

Wala watu wasikate tamaa kazi iliyofanywa vema isipotulia mara moja. Nyuzi mpya hunyooka. Piano iliyotiwa nyuzi leo hushuka sauti baada ya siku chache, na fundi hurudi, hukaza, huondoka, hurudi tena, mara nyingi katika mwaka wa kwanza. Mwenye chombo asiyejua hayo hulalamika ya kuwa ametapeliwa. Ajuaye hungoja. Hivi ndivyo ilivyo na mtu aliyeacha pombe, na nyumba iliyopatana, na kijana aliyeanza kusema kweli: wasihesabiwe kuwa wameshindwa kwa sababu yapasa kukazwa tena.

Tumrudie yule kijana na swali lake, maana bado anangoja. Fundi aweza kumhubiri saa nzima juu ya uaminifu, naye kijana atasahau. Lakini akichukua kitambaa kilicholowa maji ya moto, akakilaza juu ya ukanda wa zamani mpaka gundi ilegee, akaubandua wote, akasugua kutu mpaka chuma kionekane, kisha akapima na kukata mpya kwa unene ule ule, kijana atakuwa amejibiwa. Kwa kweli siku ile vitu viwili vimetengenezwa katika nyumba ile ya Nyamagana, na piano ni kimoja tu cha hivyo. Kama fundi angefunika, kijana angejifunza kufunika, naye angewafundisha wengine.

Twawasihi basi wasomaji wetu, kila mmoja katika kazi yake, mwalimu na daftari zake, mwashi na msingi wake, mama na jiko lake, karani na hesabu zake, ajiulize juma hili: Katika kazi yangu, ukanda ulio chini ya nyuzi ni upi? Umekuwa wazi mara ngapi, nami nikaufunika? Na ukiwa wazi leo, asingoje kesho. Nyuzi zikisharudi, siku hiyo imepita.